Jeconia Wandera na Njia ya Kisimani

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Huruma na nyote mliofika hapa Kapseret, mimi ni Javan, mdogo wake marehemu, na familia imeniagiza nisome yote, hata lile mnalonong'ona tangu juzi, kwamba kaka yetu aliuza vijana wa watu.

Jeconia Wandera alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Port Victoria, mtoto wa tatu wa Mzee Lazarus na Mama Nabwire, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987, akajiunga na polisi mwaka 1989, na tarehe 14 Desemba 1996 akamuoa Christabel, wakabarikiwa Cyril na Bridgit.

Mwaka 2016 alipelekwa kaskazini mashariki, karibu na mpaka, awaunganishe askari na wananchi waliopewa bunduki kulinda vijiji vyao dhidi ya magaidi, na kiongozi wao alikuwa Mzee Abdullahi, yule aliyeketi pale nyuma. Wenyeji wale hawakutaja njia ya doria kwa mtu yeyote, hata mke hakuambiwa, lakini Jeconia alikuwa mtu wa karatasi, na tarehe 9 Machi 2019 aliandika kwamba doria itapitia kisimani, akatuma ripoti kambini. Kesho yake vijana watatu waliviziwa pale kisimani wakauawa. Ni nani aliyevujisha karatasi ile hatujui hadi leo, wakubwa walimshuku Abdullahi, wanakijiji wakamshuku Jeconia, na kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, kila mtu akawa anakagua nguo ya mwenzake.

Alistaafu mwaka 2023, na Februari 2024 akapatikana na saratani ya koo. Kila Ijumaa Abdullahi, ambaye siku hizi ana duka la vitambaa hapa mjini, alileta maziwa ya ngamia, na niseme ukweli mbele ya jeneza hili, tulimwogopa, Christabel akawa anauliza huyu mzee anatafuta nini kwetu, na mimi mwenyewe nikamwaga chupa ya kwanza. Mzee aliona, na Ijumaa iliyofuata akanywa yeye kwanza mbele yetu sote, ndipo akampa mgonjwa, akafanya vivyo hivyo hadi mwisho. Jeconia alitutoka Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi matangani, na askari wenzake mliobeba jeneza.

Wiki yake ya mwisho Jeconia aliniambia hakuuza mtu, lakini mkono ulioandika ulikuwa wake, na akaniagiza niwataje vijana wale kabla hajafukiwa. Ni Mahat Noor, Bishar Ali, na Idris Abdullahi, mtoto wa mzee aliyeketi pale nyuma.

Mzee Abdullahi, tafadhali njoo mbele ukae na familia. Kaka, nimewataja wote, sasa pumzika kwa amani.