Maji Niliyokunywa Mbele ya Watu

Ndugu zangu, Sabato njema. Mnaniona nimefunga tai, lakini kusimama hapa si rahisi, kwa sababu baadhi yenu mliyanywa yale maji.

Miaka ile baada ya Uhuru nilipata kazi ya uhusiano mwema katika kampuni moja yenye kiwanda cha kumenya kahawa, huku kwetu upande wa Suneka. Jina silitaji. Kazi yangu ilikuwa kuisemea kampuni kwa wananchi, kwa lugha yetu ya Ekegusii. Kijana wa kijijini, suti, pikipiki ya kampuni! Nilivimba kichwa, nawaambia ukweli.

Kiwanda kilimwaga mtoni maji machafu ya kuoshea kahawa na maganda yake. Mto ukanuka, akina mama wakaacha kuchota huko, wakawa wanapanda mpaka chemchemi ya mbali. Malalamiko yakafika kwa chifu. Mkubwa wangu akaniuliza, "Watu wenu humwamini mtu vipi?" Kwa ujinga wangu nikamweleza: kwetu anayekukaribisha uji huonja yeye kwanza, ndipo akupe. Akishaonja, huna shaka naye tena.

Siku ya baraza la chifu akaniletea jagi. Akasema ni maji ya mtoni, yamepimwa, ni safi, nami nikatia sahihi taarifa ya kampuni ya kusema hivyo. Nikajaza kikombe, nikanywa mpaka tone la mwisho mbele ya watu wote. Wakapiga makofi. Kesho yake akina mama walirudi mtoni.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Wiki hiyohiyo akalazwa, tumbo linamkata, amebaki mifupa. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini uliyanywa?"

Akasema, "Si wewe ulionja?"

Nikamtafuta dereva wa kampuni. Alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, lile jagi nililijaza mimi kwenye bomba, Kisii mjini. Nilidhani unajua."

Nikamwendea mkubwa. Hata hakukana, alicheka! "Ulifanya kazi nzuri," akasema, "na taarifa ina sahihi yako, si yangu." Mtu niliyekuwa nikimwita baba. Alichukua desturi ya nyumbani kwetu, niliyompa kwa mdomo wangu mwenyewe, akawanyweshea watu wangu uchafu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Baraza lililofuata nilichota mtoni mwenyewe, nikaweka chupa mezani kwa chifu. Nikasema, "Haya ndiyo ya mto. Siwezi kuyanywa. Yale ya siku ile yalikuwa ya bomba."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hivyo ulituuza?"

Nikamjibu, "Niliwauza, mzee."

Kampuni ikasema niliyatunga yote peke yangu. Nikafukuzwa kazi. Nikauza ndizi katika soko la Daraja Mbili, na wengine wenu mlinipita bila salamu. Siwalaumu. Lakini chifu hakunyamaza, mpaka kiwanda kikachimba mashimo ya maji yake machafu.

Namshukuru yule dereva, aliyesema kweli na yeye pia akapoteza kazi. Nawashukuru akina mama wa Mosocho walionipa nafasi sokoni kando yao bila kunihoji.

Nyinyi vijana mnaotafuta kazi za kusemea wakubwa, nawaomba: kabla hujawaambia watu maji ni safi, shuka mtoni ukachote kwa mkono wako. Mimi sikushuka. Mama alipona, yuko pale mstari wa pili. Amenisamehe, lakini tangu siku ile, nikimpa kitu, hukinusa kwanza.