Saumu na Wembe

Basi halijafika hata kituo cha pili, kinyozi ameshapiga chafya mpaka kofia ikamdondoka.

"Tafuna kitunguu saumu kibichi, mwanangu," mama muuza mboga aliyeketi naye akamshauri.

"Mama, mimi nanyoa watu pua kwa pua! Nikinuka saumu, nani atakaa kitini?"

"Na ukipiga chafya wembe uko shingoni, nani atainuka?"

"Basi ninywe tangawizi na asali."

"Hicho kiburudisho tu. Mafua hayo yanataka saumu!"

Nyuma yao bwana harusi, aliyekuwa akienda kunyolewa, akajipapasa koo. Saumu, aliomba kimoyomoyo, akubali saumu.

Basi likasimama. Kinyozi akageuka. "Ah, bwana harusi! Kumbe tuko pamoja? Twende, leo wewe ndiye wa kwan..." Akainua pua juu, mdomo wazi.