Mzee Barnaba na Gurudumu la Nyuma Lililochemka

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Barnaba Ndayisaba anavua ovaroli yake baada ya miaka kumi na tisa ya kulala chini ya magari ya Ushirika wa Tuinuane, hapa Rumonge kando ya ziwa. Neno kulala tunalitumia kwa heshima zote, ingawa ni kweli kwamba saa za joto miguu yake ilionekana ikichungulia chini ya gari huku mkoromo ukisikika. Mwenyewe alidai alikuwa anasikiliza injini. Injini ilikuwa imezimwa.

Kamati imenikabidhi mimi, Samy, dereva wa pikapu, niandike wasifu huu. Walitafuta mtu wa Kiswahili cha vitabu wakamkosa, wakaniona nimekaa kivulini bila kazi. Msomaji anivumilie.

Mzee Barnaba ni mzaliwa wa Kabonga. Alivuka mpaka na wazazi wake akiwa mtoto, ufundi akaupata Kigoma, akarudi Burundi, vita vikamkimbiza tena, akarudi tena. Mwaka 2006 alibisha hodi hapa akiwa na mke wake, Mama Zipora, na mfuko wa spana. Tangu siku hiyo magari yetu yanapandisha mawese kwenye masoko ya milimani Bururi na kushusha viazi na maharage, na yakishuka yana ugonjwa, anayeitwa kwanza ni yeye.

Mafanikio yake ni mengi. Shimo la garaji tunalosimama ndani kukagua magari kwa chini alilichimba yeye, na siku ya kulizindua akalitumbukia yeye, kwa sababu alikuwa akirudi kinyumenyume akiwapungia wageni mkono. Hotuba aliitoa akiwa humo humo. Wageni wa nyuma waliisikia vizuri, ila hawakujua inatoka wapi.

Lakini habari ambayo kila mtu hapa anataka isimuliwe ni ile ya gurudumu la nyuma la kushoto.

Ulikuwa mwaka wa uhaba, mafuta ya gari hayapatikani na grisi ndiyo kabisa. Pikapu ninayoendesha ikaanza ugonjwa wa ajabu. Nikilala milimani na kuondoka asubuhi, baada ya mwendo kidogo gari linakuwa zito, gurudumu lile linachemka, ukilidondoshea maji yanaruka. Linanuka kama kikaango. Kwa kuwa tunabeba mawese kila siku, na sisi wenyewe tunanuka mawese hata kanisani, hakuna aliyeishughulikia harufu hiyo. Nikishuka mpaka Rumonge, Mzee Barnaba anainua gari kwa jeki, anazungusha gurudumu, nalo linazunguka bila shida yoyote, kana kwamba mimi ndiye mwongo.

Alibadilisha viatu vya breki. Gurudumu likachemka. Akabadilisha silinda ya gurudumu, akisema imekwama. Likachemka. Akabadilisha mpira unaopitisha mafuta ya breki, akatangaza mbele ya watu kwamba sasa ugonjwa umekwisha na anayebisha aje. Safari iliyofuata ngoma ya breki iliiva mpaka ikabadilika rangi.

Mkurugenzi wetu, Mama Consolée, akachoka. Kwa macho yake jambo lilikuwa wazi: fundi amebadilisha kila kitu, kilichobaki ni dereva. Aliniita akaniambia, "Samy, unatembeza gari na frein ya mukono. Mwisho wa mwezi nitatafuta chauffeur mwingine."

Mimi ni mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Hapa Rumonge sina shamba wala ukoo. Nina usukani tu. Kusema kweli, niliogopa. Nikaanza hata kujishuku, nikawa naangalia kila baada ya kona kama ile breki ya mkono nimeishusha, jambo ambalo si zuri kwenye barabara ya Bururi yenye kona zile. Mke wangu Eliana akaniombea. Safari moja gurudumu likabaki baridi kabisa kwenda na kurudi, nikashuka nikiimba. Safari ya pili likachemka kama kawaida, nikamwambia Eliana aongeze bidii.

Ndipo Mzee Barnaba akaniweka chini kunihoji.

"Ile siku haikuchemka, ulifanya nini?"

"Niliombewa, muzee."

"Ni vizuri. Na kingine?"

"Hakuna. Niliweka tu jiwe ku gurudumu usiku, sikuvuta frein ya mukono, sababu mahali palikuwa tambarare."

Aliweka spana chini, akanikodolea macho. Nilidhani anatafakari ukuu wa maombi. Kumbe alikuwa anatafakari ukubwa wa ujinga wangu, maana jambo hilo nilikuwa nimekaa nalo kwa majuma kadhaa bila kuliona.

Sasa, Mzee Barnaba hakuwahi kupanda milima na magari yetu. Alisema fundi akisafiri na gari alilolitengeneza mwenyewe hawezi kutulia, anajua mno kilichomo. Safari iliyofuata alipanda, akiwa amevaa koti lake na juu yake koti la Mama Zipora lenye vifungo vya maua. Kulipokucha Bururi, baridi ikiuma, aliniambia nishushe breki ya mkono, kisha akainua gurudumu la nyuma. Halikuzunguka. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa mbele yetu.

Alilegeza kijiskrubu cha kutolea hewa nyuma ya ngoma, mafuta ya breki yakatoka kidogo. Kama shinikizo lingekuwa limenaswa ndani, gurudumu lingeachia pale pale. Lilibaki limeshikwa. Basi si silinda, si mpira. Akaingia chini, akaufuata waya wa breki ya mkono. Wenzo nilikuwa nimeushusha, lakini waya ulikuwa bado umevutwa, umegandamana ndani ya ala yake. Alipouchomoa ulitoka na kitu cha rangi ya machungwa, kigumu kama sabuni.

Yalikuwa mawese.

Mwaka ule wa uhaba kuna fundi alikosa grisi, akaona si neno, akaupaka waya ule mawese, akajisifu kwamba amegundua grisi ya nyumbani. Ufukweni kwenye joto mawese ni maji. Milimani kwenye baridi yanaganda, na waya ukiganda umevutwa, breki haiachii. Tukirudi ziwani yanayeyuka, gurudumu linazunguka vizuri, na fundi yule yule anakuna kichwa. Mzee Barnaba alikaa juu ya jiwe na vifungo vyake vya maua, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Wenyeji wakaja kuuliza kama amefiwa.

Angeweza kuufuta ule waya na kunyamaza. Mimi nisingejua nani aliupaka, na mwaka ule ndio alikuwa apewe cheo cha mkuu wa garaji, alichokisubiri miaka mingi. Jumatatu, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, alisimama bila kuitwa.

"Shefu, kosa iko yangu. Samy hana kitu. Ni mimi nilipaka mawese ku waya."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mama Consolée hakucheka. Alimuuliza kwa nini hakurekebisha kimya kimya.

"Nimekimbia nchi mara mbili, Mama," akajibu. "Sitakimbia waya ya frein."

Mimi nilibaki kazini. Cheo kilikwenda kwa mwingine, na yeye akapata jina la Mzee Mawese, ambalo aliliitikia kwa furaha mpaka juma hili.

Mzee wangu, sikukushukuru siku ile, nilikuwa nacheka na wenzangu kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Leo nakushukuru mbele ya watu: murakoze cane. Ushirika mzima unakuombea siha, samaki wa kutosha mezani, na usingizi ambao huhitaji tena kuuita kazi. Uende Kabonga kwa amani, wewe na Mama Zipora. Kiti cha mkuu wa garaji hukukikalia, lakini hiki cha dereva ninachokikalia mimi kila asubuhi, ni wewe uliyekilipia.