Risala ya Mwezi Mpevu Jazz Kuhusu Saksafoni ya Mzee Hamdani Iliyomo Kabatini

Mgeni rasmi, mama yetu mheshimiwa uliyekuja kutufungulia vichanja vipya vya kuanikia dagaa. Bwana Abdulkarimu, msimamizi wa mwalo wetu wa Kashaza. Masheikh na mapadri. Wavuvi, wachuuzi, na wageni mliotoka Gungu na Simbo: shikamooni, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, mwakeye.

Sisi ni Mwezi Mpevu Jazz, bendi ya hapa hapa Kasingirima. Katibu wetu, Bwana Anatoli wa gitaa, alitaka kuisoma risala hii mwenyewe, lakini wenzake walisema akishika kipaza sauti, dagaa watakauka kabla vichanja havijafunguliwa. Kwa hiyo imeandikwa na inasomwa na Recho, mwitikiaji wa nyimbo zetu, ambaye hana maneno mengi.

KUKUKARIBISHA

Mama, karibu sana. Viatu vikiingia mchanga vivue tu, hakuna atakayekucheka. Kiti ulichokalia ni cha mwenyekiti wetu, Mama Honorata, muuza samaki wa migebuka. Amekisugua kwa ndimu tangu jana. Kama bado kinanuka kazi yake, tunaomba radhi.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, dagaa wa ziwa letu hufuata taa za wavuvi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi hubaki nyumbani, na mvuvi akibaki nyumbani hutaka kuoa au kucheza. Ndiyo maana bendi yetu hupiga mwezi ukijaa, na ndiyo maana ikaitwa hivyo.

Mwanzilishi wetu ni Mzee Hamdani, mzaliwa wa hapa. Ujanani alivuka ziwa kwenda Kalemie kuuza chumvi ya Uvinza, akaagizwa arudi na vitenge. Alirudi baada ya miaka mingi bila kitenge hata kimoja. Huko alikuwa amejiunga na bendi, akapiga Kalemie, akapiga Bujumbura, na alichorudi nacho ni saksafoni, ndani ya gunia la migebuka mikavu ili isigongwe njiani.

Marehemu mama yake alifungua gunia, akatazama, akauliza, "Hamdani, hili bomba la nani?"

Mzee akapuliza kumwonyesha. Majirani wakaja mbio kutoa pole, wakidhani mama amefariki. Walipomkuta mzima, walikaa wakasikiliza mpaka chai ikaisha. Hao ndio waliokuwa wasikilizaji wetu wa kwanza, na watoto wao ndio bendi unayoiona leo.

MAFANIKIO

Tumepiga kwenye Idi na kwenye Krismasi, na hakuna upande uliolalamika kwamba mwingine umependelewa. Wakulima wa Simbo hutuita wakishavuna, wakatulipa kwa mihogo mpaka Elia, mpiga ngoma wetu, akaomba sherehe nyingine ihamie kwa wenye ng'ombe.

Kwenye harusi ya Saidi na Ummy, bibi harusi alikataa kutoka chumbani mpaka asikie saksafoni. Saidi alikasirika. "Anaolewa na mimi au na Mzee Hamdani?"

Shangazi wa Ummy akamjibu, "Tulia baba. Wewe atakusikia maisha yake yote."

Tumefundisha vijana pia. Lulu sasa anapuliza wimbo mzima. Faridi anapuliza nusu, bila kuona kizunguzungu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize vizuri, na Bwana Abdulkarimu atuwie radhi, maana tunamheshimu.

Maji ya mwalo wetu ni machache ufukweni. Boti kubwa ya abiria haifiki mchangani. Hutia nanga mbali, hupiga honi, na mitumbwi huenda kuchukua watu na kupeleka wengine. Kila mtu hapa amekua akijua hivyo: ukisikia honi, beba mzigo wako ukimbie.

Mzee Hamdani naye, kila asubuhi, hukaa juu ya jiwe ufukweni akapasha saksafoni yake kwa kupuliza sauti moja ya chini, ndefu. Siku zote tunamwona, kwa hiyo hatukimbii. Asubuhi moja ya mwezi uliopita kulikuwa na ukungu. Mzee hakuonekana. Alisikika tu.

Watu walikimbia. Mitumbwi ilisukumwa majini ikiwa na abiria, magodoro, mbuzi na mgonjwa mmoja wa meno. Wakapiga kasia kuitafuta boti ndani ya ukungu. Kila walipopotea, sauti ilisikika nyuma yao, wakageuza. Mzee aliposikia kelele za watu wengi alidhani wamekuja kumsikiliza, akazidisha.

Bwana Abdulkarimu alikuwa akimngoja mgeni mkubwa kwa boti hiyo. Alikuwa amevaa suti. Aliruka kuuwahi mtumbwi wa mwisho, mtumbwi ukasogea, naye akabaki kwenye maji hadi kifuani, ameinua shada la maua lisilowe. Ndipo ukungu ukafunguka. Boti hakuna. Yupo Mzee Hamdani juu ya jiwe.

Mama Honorata akapiga kelele kutoka mtumbwini, "Hamdani, honi yako itatuzamisha!"

"Mimi natafuta sauti ya chini," Mzee akajibu. "Nyinyi humo mnatafuta nini?"

Bwana Abdulkarimu akatoka majini. "Nani amepuliza?"

"Mimi, Bwana Msimamizi. Umeipenda?"

Mama, watu walicheka, na sisi tulicheka. Tunaamini kwamba tusingecheka, saksafoni isingechukuliwa. Ilichukuliwa siku hiyo hiyo, ikafungiwa kwenye kabati la ofisi ya mwalo. Tulipokwenda kuomba, tuliambiwa kwamba ile ni honi, na mwenye honi lazima awe na chombo cha majini. Basi tuliubeba mtumbwi wa Elia vichwani, tukapita nao mtaani mpaka mlangoni pa ofisi. Bwana Abdulkarimu akautazama, akasema hauna injini.

Tunapenda kukujulisha pia kwamba Mzee alichomoa kipande cha mdomoni kabla ya kukabidhi. Kwa hiyo sauti zinazotoka ofisini mchana si saksafoni. Ni watu wanaojaribu.

Tangu hapo kazi ni ngumu. Kule Gungu, Anatoli aliimba sehemu ya saksafoni kwa mdomo, na mama wa bwana harusi akamletea maji akamwuliza kama ana pumu. Mazoezini Mzee bado anakuja. Anakaa mahali pake, anashika fimbo yake ya kutembelea, na vidole vinapita juu yake kama vinavyopita kwenye saksafoni. Sisi tunapiga, tunafika zamu yake, tunanyamaza kumpisha, halafu tunaendelea. Hatujawahi kukubaliana kufanya hivyo. Inatokea tu.

Juzi alisema amechoka kupiga fimbo. Anakwenda Kalemie kwa dada yake, akazeekee huko. Boti yake inaondoka leo saa kumi alasiri.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matatu: spika mpya, mabati ya banda la mazoezi, na ngoma ya Elia iliyotobolewa na panya. Tunayaondoa yote. Panya waendelee.

Ombi letu ni moja. Tunaomba saksafoni irudi kwa mwenyewe leo.

Tunajua Bwana Abdulkarimu ana wajibu wa kulinda abiria, na yule mgonjwa wa meno alikuwa na haki ya kulalamika. Kwa hiyo tunaahidi mbele yako kwamba kukiwa na ukungu Mzee hatakaa juu ya jiwe. Atapanda hadi barabarani, alipe ziwa mgongo, apulize kuelekea Simbo. Watu wa Simbo hawana boti, hawatakimbilia popote. Suti ya Bwana Abdulkarimu Mama Honorata ameshaifua, na sisi tumeacha kucheka. Isipokuwa Faridi, ambaye tunaendelea kuzungumza naye.

Mzee Hamdani mwenyewe alitukataza tusimwombee. Alisema mtu mzima haombewi kitu chake mwenyewe. Tumemwambia risala hii inahusu vichanja. Yuko pale nyuma, amekaa juu ya begi lake, na tunaona sasa amesimama.

Mgeni rasmi, ukipenda kutujibu kwa hotuba, tutasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Lakini ukipenda kutujibu kwa ufunguo, tutashukuru zaidi, maana hotuba ni ndefu na saa kumi haiko mbali.

Mungu akulinde barabarani na majini, avijalie vichanja hivi dagaa wengi na jua la kutosha, na amlainishe kila mwenye ufunguo mfukoni.

Ni sisi wanao,
Mwezi Mpevu Jazz,
Mwalo wa Kashaza, Kasingirima, Ujiji.