Mwalimu Dismas na Kitabu cha Watu Wawili

Wasikilizaji wapendwa, mlio Thika, mlio Ruiru, na wewe unayesonga ugali huku redio iko juu ya friji, karibuni. Leo tunamkumbuka Mwalimu Dismas Wanyonyi wa Gatongora. Mhadhiri wa dini, mzaliwa wa Bungoma, Mkristo. Ameondoka na hasira. Nasema hivyo kwa ruhusa ya mkewe, Mama Naliaka.

Hasira ya nini? Ya kitabu. Dismas alikiandika na Daktari Rukia Galgalo, mhadhiri mwenzake kule Thika, Mwislamu. Kitabu kimoja, watu wawili. Kilieleza jinsi Wakristo na Waislamu wa miji yetu hii wanavyopangishana nyumba, wanavyofanya kazi pamoja viwandani, wanavyozikana. Walipoanza, kitinda mimba wa Dismas alikuwa nasari. Sasa ana ndevu.

Sikilizeni walivyofanya kazi. Dismas ndiye aliyeandika kuhusu Waislamu. Rukia ndiye aliyeandika kuhusu Wakristo. Kila Jumamosi, sebuleni kwa Dismas, mmoja alisoma alichoandika juu ya dini ya mwenzake. Mwenye dini alinyamaza mpaka mwisho. Ndipo aliposahihisha.

Dismas, kunyamaza! Mtu aliyeweza kubishana na redio iliyozimwa. Siku Rukia aliposoma sura ya Utatu Mtakatifu, Dismas alijiziba mdomo kwa mkate. Mama Naliaka anaapa mkate mzima uliisha, mzee akaanza kukiangalia kitambaa cha meza. Rukia alipomaliza, Dismas akameza, akasema, "Daktari, umeeleza kuliko pasta wangu. Lakini ukurasa wa pili umetuonea."

"Nimewaonea wapi, Mwalimu?"

"Umeandika kwamba tunapiga kelele badala ya kuomba. Andika kwamba tunaomba kwa kelele."

Akaandika hivyo.

Basi kamati ya uchapishaji chuoni ikakisoma kitabu, ikakisifu, ikakikataa. Ilitaka majina yabadilishwe: ionekane Mkristo ndiye aliyeandika kuhusu Wakristo, na Mwislamu kuhusu Waislamu. Eti wasomaji watachanganyikiwa. Dismas akakataa. Akaambiwa asubiri mwenyekiti mpya. Mwenyekiti mpya akaja, akakisoma upya, akasema yale yale. Siku hiyo Dismas alirudi Gatongora akalala na viatu.

"Wanataka niseme uongo," alimwambia mkewe, "ndani ya kitabu cha kuaminiana."

Mwezi uliopita moyo wake ulisimama. Kitabu bado hakijatoka.

Kwenye matanga, mjumbe wa kamati alifika na pole zake, na kile alichokiita habari njema. Kitabu kitachapishwa kwa heshima ya marehemu. Ila tu, majina yabadilishwe.

Rukia alikuwa anamenya viazi na akina mama. Akaweka kisu chini. Mama Naliaka ndiye aliyejibu.

"Mzee wangu alinyamaza sebuleni humu kila Jumamosi ili huyu dada amalize kusema. Nyinyi hamjui kunyamaza kulikuwa kunamtesa aje. Majina yakae pale alipoyaweka."

Mjumbe akafungua mdomo. Rukia akamsogezea sahani ya mkate.

Mama Naliaka, watoto, na wewe Daktari Rukia, poleni sana. Kitabu kingali kabatini, na sisi tungali na hasira kwa niaba yenu.

Nawe msikilizaji mpendwa, leo mwombe jirani wa dini nyingine akueleze anavyoiona imani yako. Usimkatize. Ukishindwa, mkate uwe karibu.