Damu Tuliyoiita Rangi ya Wimbi

Mgeni rasmi, msimamizi wetu wa huduma za saratani. Wazee, kina mama na majirani mliofika, tunawasalimu kwa heshima.

MAKARIBISHO

Karibu Malaba. Risala hii inasomwa na Apeduno, mke wa mwenzetu Elungat, kwa niaba ya familia zetu zote. Tumemtaja humu kama mtu mwingine, kwa sababu alisema akisoma "mimi" sauti itamkatika. Akisita, tunaomba umvumilie. Tunaogopa, na hatutajifanya majasiri mbele yako.

TULIKOTOKA

Kwetu Wateso, wanaume hunywa pombe ya nafaka ya wimbi kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mwenye ugonjwa wa mkojo huondolewa chunguni, kwani watu husema aliuokota kwa wanawake. Basi wanaume wetu hunyamaza.

Elungat, mlinzi wa malori, alinyamaza kuwashinda wote. Siku moja Apeduno alikuta wekundu kwenye nguo alizokuwa akifua.

"Mzee, hii ni damu."

"Wacha hiyo maneno. Ni rangi ya wimbi."

"Wimbi wanakunywa watu wote. Mbona ni wewe tu?"

Elungat alichukua kofia yake akaenda kazini. Apeduno alitaka sana kumwamini, akamwamini. Mkojo ulipomchoma, mzee alivuka mpaka wa nchi hapa Malaba akanunua tembe, akapata nafuu, akarudi chunguni. Ukimchoma tena, anavuka tena. Miaka ikaenda hivyo, sigara nayo haikutoka mdomoni.

TULIYOFANIKIWA

Tumewatoa wanaume kadhaa mafichoni tukawapeleka hospitali, Elungat akiwemo; yeye alikutwa na saratani ya kibofu. Tumejifunza pia. Daktari Sharlyne alitueleza kwamba kibofu kikiumia, chembe zake hutoa ishara za kuwaita askari wa mwili. Kidonda kisipopona, ishara hazikomi, na kibofu hubaki kimevimba, kinawaka ndani kwa ndani. Ishara hizo zinaweza kuisaidia saratani kuota na kuenea.

Apeduno aliuliza kama saratani ya kibofu ni moja.

"Hapana, mama," daktari alijibu. "Kuna inayobaki juu juu kwenye utando, na kuna inayochimba mpaka kwenye msuli. Kuna aina ambayo askari wanaitwa na wanapigana. Kuna nyingine ambayo askari hao wanaishia kuilinda. Dawa ya huyu inaweza kukosa kumsaidia yule."

Apeduno alirudi nyumbani akashindwa kupika.

CHANGAMOTO

Kipande kilichotolewa kibofuni mwa Elungat kilipelekwa mbali ili aina yake ijulikane. Majibu hayajarudi, na bila majibu hakuna anayejua dawa ya kumpa. Simu ikilia, Apeduno huitazama kwanza kabla ya kuipokea. Anaogopa kwamba majibu hayatakuja, na anaogopa yakija. Suruali za mzee ameshazipunguza kiunoni, na anajua zitahitaji kupunguzwa tena. Hatujui kama ugonjwa umeshafika kwenye msuli. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

MAOMBI

Tunaomba vipimo vya aina ya saratani vifanywe karibu nasi, na majibu yaje mapema. Tunaomba wahudumu wako wawafuate wanaume kwenye vyungu vyao, huko vijijini Angurai na Kocholia, wawaambie kwamba mkojo wenye damu si aibu wala si uzinzi.

Ombi la mwisho tumeliongeza leo asubuhi. Elungat yuko hapa, mstari wa pili, mwenye koti la kijivu. Daktari amemwagiza anywe maji mengi, lakini tangu aamke hajagusa hata tone. Anaogopa kuinuka mbele yako, watu wakajua anakwenda wapi. Sisi tumembembeleza, mkewe amembembeleza, amekataa. Mgeni rasmi, tunaomba umpe maji kwa mkono wako, sasa hivi, watu wote wakiona. Halafu akiinuka kwenda msalani, tutainuka naye.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na wanaume wa nyumba yako wasikufiche maumivu.

Ni sisi,
Familia za Wagonjwa wa Kibofu, Malaba na Angurai.