Maisha ya Mwalimu Verla Bakkerud na Maandalio ya Watu Wengine

Mchungaji Haugen, babu Orvin, mama, mjomba Karsten, majirani wa Fossvik, na walimu wote mliofika kutoka shule za mbali hata magari yenu yamejaa mpaka kwenye shamba la ngano la akina Sorlie, familia imeniomba mimi, Britta, mjukuu wa marehemu, niwasomee maisha yake. Kwa kuwa marehemu hakupenda mtu aanze kazi bila kutaja lengo lake, lengo langu ni kwamba tukiteremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kunywa kahawa, kila mmoja wetu aweze kueleza bibi alikuwa nani, na pia aelewe kwa nini Alhamisi ijayo nina mtihani wa hesabu ambao bibi aliutamani kuliko kupona, jambo ambalo nitalifikia zamu yake ikifika.

Marehemu Verla Josefine Bakkerud, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Nysveen, alizaliwa tarehe 11 Februari 1949, shambani kwa wazazi wake, Tilmer na Borghild Nysveen, kaskazini ya Fossvik, hapa Dakota Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Siku hiyo kulikuwa na tufani ya theluji ambayo daktari hakuweza kuipita, kwa hiyo jirani, Bi Olga Sorlie, ambaye hakuwahi kuzalisha mtu, alisimama kando ya jiko akisoma kwa sauti kalenda ya kampuni ya chakula cha mifugo, ukurasa wa kumsaidia ng'ombe anayezaa kwa shida, na kila palipoandikwa ng'ombe yeye akasema Borghild, na mambo yakaenda vizuri mpaka alipofika mahali pa kumpa Borghild ndoo ya maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Olga," akasema mama mzazi, "nipe kahawa, la sivyo nitakupiga teke kama huyo ng'ombe wako." Bibi alipenda kusema kwamba yeye alikuja duniani kwa andalio la mtu mwingine, lililobadilishwa kidogo, na halikumdhuru.

Alianza shule hapa Fossvik mwaka 1955, akamaliza sekondari tarehe 26 Mei 1967, kisha akajiunga na chuo cha ualimu huko Mayville, ambako alihitimu mwaka 1971 kama mwalimu wa upishi na ushonaji. Huko chuoni alifundishwa kuandika andalio la somo, yaani lengo, vifaa, muda, hatua na maswali, na andalio moja la kushona kifungo lilimchukua jioni tatu, wakufunzi wakalisifu sana, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kazini angehitaji maandalio sita kila siku iendayo kwa Mungu.

Aliajiriwa katika shule ya Fossvik, darasa la saba hadi la kumi na mbili, mwezi Agosti 1971, na alipofika, mwalimu mkuu, marehemu Bwana Alton Rustad, alimpokea mlangoni akiwa ameshika kofia. "Dada," akasema, "wa historia amehama, wa biolojia kaolewa Bismarck, na wa jiografia hatujawahi kumpata. Wewe unafundisha nini?" Bibi akajibu, "Upishi na ushonaji." "Safi sana," akasema Bwana Rustad, "basi Jumatatu unaanza na mapinduzi ya Ufaransa."

Tangu siku hiyo bibi aliogopa kitu kimoja tu maishani, nacho ni mtoto wa Fossvik kukosa somo kwa sababu mtu wa kulifundisha hayupo, na kwa kuwa mtu wa kulifundisha kila mara alikuwa yeye, na yeye hakuwa na jioni kumi na nane za kuandaa siku moja, alianza kutafuta masomo yaliyokwisha andaliwa na wengine. Aliandika barua kwa kila aliyekuwa akigawa masomo ya bure, chama cha wafuga ng'ombe wa maziwa, chama cha viazi, madaktari wa meno, watu wa reli, na kila walimu wa jimbo walipokutana alikwenda na sanduku tupu na kurudi amelikalia ili lifunge. Kwa sababu hiyo waliosoma Fossvik miaka hiyo wanaijua reli vizuri sana ingawa treni haisimami hapa, na wazee waliopo wanaweza kushuhudia kwamba meno yao yalifundishwa mpaka yakachoka.

Katika mwaka wake wa kwanza alikuwa bado anafuata andalio neno kwa neno, na ndiyo maana mwezi Septemba 1971 alilipeleka darasa la nane kwenye somo la kupwa na kujaa kwa bahari, lililoandikwa na mwalimu wa Oregon, ambako kuna bahari, nalo lilisema wanafunzi wasubiri maji yatoke kisha waokote viumbe, na chini kabisa likaongeza kwamba asiye na bahari atumie maji yoyote yaliyo karibu. Maji yaliyo karibu yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe la Bwana Selmer Sorlie, naye Bwana Sorlie alipoliona darasa zima limekaa kwenye majani na penseli mkononi alisimamisha trekta yake, akauliza, "Mwalimu, mnangoja nini?" Bibi akamwambia, "Tunangoja maji yatoke." "Yatoke yaende wapi?" "Andalio halikusema." "Haya," akasema Bwana Sorlie, "yakianza kutoka mniite, maana nimekaa hapa tangu kuzaliwa na hayajawahi kuniaga." Baadaye ng'ombe wake walikuja kunywa, kundi zima, bwawa likashuka kiasi cha kidole, mtoto mmoja akapiga kelele, "Yanatoka!" na bibi, ambaye alikuwa mtu mkweli, aliwaambia waandike walichokiona. Tangu hapo hakufundisha tena somo la kupewa bila kulisoma usiku wake mpaka mstari wa mwisho, na kulikata, na kulipima kwa watoto aliokuwa nao.

Mwaka 1973 aliajiriwa mwalimu wa hesabu, Bwana Orvin Bakkerud, ambaye ndiye babu yangu aliyeketi hapa mbele, naye aliandika kila somo upya kwa penseli na kulitupa likiisha, na katika ofisi ya walimu, hawa wawili hawakuweza kumaliza kikombe cha kahawa bila kugombana. "Bi Verla," angesema babu, "leo unafundisha mawazo ya nani?" "Ya mtu wa Ohio," angejibu bibi, "na jana niliota ndoto nzuri. Wewe ulilala saa ngapi?" Babu alisema andalio la mtu mwingine ni kama mswaki wa mtu mwingine, bibi akasema si mswaki, ni sufuria, na kama yeye Bwana Bakkerud hufua chuma kwanza kila akitaka kuchemsha yai, basi haishangazi macho yake ni mekundu.

Mwezi Januari 1975 babu alishikwa na homa ya mafua, na maandalio yake ya wiki yote yalikuwa kichwani, nacho kichwa kilikuwa kitandani, kwa hiyo Bwana Rustad akataka kuwarudisha watoto nyumbani, lakini bibi alikataa katakata, akachimba masanduku yake mpaka akapata somo la sehemu lililotolewa na kampuni ya unga, akalipeleka darasa la saba jikoni, wakapika lefse, zile chapati zetu za viazi, wakizikata nusu, theluthi na robo. Babu aliporudi alikuta watoto wanajumlisha sehemu ambazo yeye alihangaika nazo tangu Desemba. "Nani amewafundisha?" akauliza. "Kampuni ya unga," akasema bibi, akamsogezea sahani. Babu akatafuna, akatafuna, akauliza, "Na hii ninayokula ni nini?" "Robo tatu," akasema bibi, "na ukiendelea kuuliza itabaki nusu."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1975, na mchungaji wa wakati ule aliwapa ruhusa kila mmoja achague maneno ya kiapo, babu akaandika yake mwenyewe, akapotea katikati, akarudi mwanzo, akapotea tena palepale, na bibi akatumia yaliyomo katika kitabu cha ibada, akamaliza kabla shangazi zake hawajatoa leso. Mungu aliwajalia watoto wawili, Karsten, aliyezaliwa mwaka 1977 na sasa anauza matrekta Fargo, na Marit, mama yangu, aliyezaliwa mwaka 1980. Mjomba Karsten anasema alifundishwa kuendesha baiskeli kwa andalio lenye hatua zote zimepangwa, isipokuwa kuanguka, ambako hakukuandikwa popote.

Masanduku yalipoijaza nyumba, bibi aliyahamishia kwenye banda lililokuwa la kombaini, ile mashine ya kuvuna ngano, akayapanga kwa darasa, kwa somo na kwa hali ya hewa, kwa hiyo kulikuwa na sanduku la darasa la tisa siku ya theluji, na jingine la darasa la saba siku ya upepo, ambayo walimu mliopo mnajua ni mbaya zaidi. Walimu wa wilaya nne walikuja mlangoni, hasa vijana, hasa Jumapili jioni, na wapo humu ambao sitawataja waliofika wakilia, na bibi aliwauliza maswali mawili tu, "Wako wangapi?" na "Wanakuwa wamekula?" kisha akaingia bandani. Mmoja alimwambia kwamba anajiona mwizi, anafundisha kazi za watu, bibi akamjibu, "Mwanangu, mkate wa dukani nao unashibisha, kazi yako ni kuukata ili kila mtoto apate kipande kinachoingia mdomoni mwake."

Mwaka 1998 shule iliunganishwa na mtandao, na bibi alipoona mwalimu wa Florida ameweka somo lake zima achukue atakaye, alilisoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akampigia babu simu. "Orvin, njoo uone, kuna watu huku wasionijua wamenipikia." Babu akamuuliza, "Umeonja?" na kwa kweli tangu hapo kila somo lilionjwa kwanza mezani kwao wakati wa chakula cha jioni, babu akiwa mwanafunzi, tena mwanafunzi mkorofi, aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni kila alipoona swali linamjia.

Bibi alistaafu mwaka 2012, na shule ya Fossvik ilifungwa mwezi Mei 2021 kwa kukosa wanafunzi, sisi tuliobaki tukapelekwa kwa basi shule ya mbali. Mwezi Februari 2022, nikiwa darasa la kumi, mama aliumia mgongo, na ng'ombe wa maziwa hawasubiri mtu apone, nikaacha shule ili nikamue. Bibi alikuja zizini na viatu vya kanisani, akasema, "Shule imefungwa, mimi sijafungwa. Njoo jikoni ukimaliza hao," na kuanzia siku hiyo nilisoma kati ya ukamuaji wa asubuhi na wa jioni, kwa ajili ya ile mitihani minne ya watu walioacha shule, nikafaulu lugha, nikafaulu sayansi, nikafaulu historia, na nikaanguka hesabu mara mbili. Mwalimu wa hesabu alikuwa chumba cha pili akisoma gazeti. "Muombe," nilimwambia bibi. "Mwambie ajitolee," akasema bibi. "Nikiombwa nitafundisha," ikasema sauti nyuma ya gazeti, na hivyo ndivyo tulivyoipoteza miezi.

Mwezi Machi 2023 bibi aligunduliwa na ugonjwa wa kongosho, akatibiwa hospitali huko Minot, na mwezi Agosti, alipojua kwamba dawa imeshindwa, alituita mimi na babu kando ya kitanda. "Orvin, nakuomba," akasema, na babu akalia, kwa sababu alikuwa amelisubiri neno hilo na sasa hakulitaka tena. "Mtoto huyu afaulu hesabu. Sitaki maua." Babu akaanza kuniandikia masomo kwa penseli, kila jioni somo moja, masomo mazuri, na bibi akayasahihisha akiwa kitandani, akisema hapa umekwenda mbio, hapa mtoto hajala. Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, babu akiwa amemshika mkono.

Jumanne nilipokwenda kumpikia babu uji nilimkuta mezani na penseli na karatasi nyeupe. "Somo halitoki," akasema. Nikamwambia, "Babu, acha tu, mtihani utakuwepo mwaka ujao." "Bibi yako alisema ufaulu," akasema, "hakusema mwaka ujao." Akainuka, akatoka na kandambili kwenye baridi, akakaa bandani mpaka uji ukapoa, akarudi na somo la milinganyo lililoandikwa na mwalimu wa Nebraska, akavaa miwani, akasoma kama lilivyo. "'Wasalimie wanafunzi.' Habari ya asubuhi, Britta." "Nzuri, babu." "'Wagawe katika vikundi vya watu wanne.'" Akanitazama mimi, akamtazama mbwa, akakitazama kiti cha bibi kwa muda, akasema, "Tutakuwa kikundi kimoja." Aliendelea hivyo, mstari kwa mstari, na alipofika mahali palipoandikwa kwamba hapa mwalimu anaweza kufanya mzaha kidogo, akasema kwamba leo hana, twende mbele, na mwisho wa karatasi nilikuwa nimepata milinganyo yote isipokuwa mmoja. Babu akaigeuza karatasi akitafuta jina la aliyeiandika, halikuwepo, ni Nebraska tu. "Ni mtu mzuri huyu," akasema, "hata hanijui." Jumatano akaenda bandani tena, na Alhamisi, na jana, na Alhamisi ijayo yeye ndiye atakayenipeleka Minot kwenye mtihani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Minot, ambao walimtibu bibi na kuvumilia kupewa masomo ya watoto wao, akina Sorlie wanaotukamulia ng'ombe wiki hii, kina mama wa kanisa walioko chini na sufuria, walimu wenzake wote, na walimu wa Oregon, Ohio, Florida na Nebraska ambao hawajui kwamba leo tunazika mtu wao. Mwalimu Verla, lala kwa utulivu, darasa lina mtu.